Fuko wa Mtaa wa Mawe

Ramani ilipomaliza kujichora, Mama Pacha alidhani kompyuta imekosea.

Alikuwa ameisubiri tangu asubuhi. Wategaji wa idara walikuwa wamezunguka bonde na milima wakinasa mafuko, wale wanyama wadogo wa chini ya ardhi, wenye macho kama punje za mtama na meno yaliyotangulia midomo. Kila walipomnasa mmoja walitia alama mahali pale. Mama Pacha, ambaye kazi yake ni kuchora ramani, alizikusanya alama zote, akaipa kompyuta pamoja na habari za udongo, mvua, miteremko na picha zilizopigwa kutoka angani, kisha akaiuliza swali moja: ikiwa hapa wapo, ni wapi pengine wanaweza kuwapo? Kompyuta ilinguruma kwa muda wa mtu kunywa chai na kuongeza nyingine, halafu ikaanza kupaka rangi. Bondeni kwenye mashamba ya viazi, nyekundu. Kando ya mto, nyekundu iliyopauka, kwa sababu ya mafuriko. Mlimani kwenye mtaa wa mawe, ambako mtu akitaka kusimika nguzo ya kuanikia nguo humwita kwanza mpasua mwamba, nyeupe.

Nyeupe mtaa mzima, isipokuwa doa moja.

Lilikuwa dogo, jekundu kama tone la damu kwenye shuka. Mama Pacha alisogeza kiti, akaipitia hesabu upya kutoka juu hadi chini. Haikuwa na kasoro. Hapo mahali, hata kiangazi kikali viwanja vya majirani vyote vikiwa vimekauka kama mkate wa juzi, palibaki na ukijani. Udongo laini, wenye kina, usiotuamisha maji. Fuko angetaka nini zaidi? Akaikuza picha ya angani hadi mapaa yakaonekana. Akaona bati la buluu lililochujuka, mpapai uliopinda, na uzi mwembamba wa kamba ya nguo. Kwenye kamba hiyo alishawahi kuanika nepi za watoto wake.

Ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake.

"Vipi, umeona jini?" aliuliza Redio kutoka meza ya pili.

Redio ndiye mtegaji mkuu wa idara. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu akishawashwa hazimiki, na ukimwambia apunguze sauti anabadilisha stesheni. Alikuja kuangalia, mdomo ukiwa umejaa karanga.

"Hapo hapana fuko," alisema. "Huo mlima ni jiwe moja. Fuko akienda hapo atavunja meno."

"Hapo palichimbwa kisima," Mama Pacha alisema. "Kikafukiwa kwa mchanga wa mtoni."

 Moyoni alihisi kitu kama furaha, furaha ya mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima akazikuta mfukoni. Kwa miezi sasa mama mkwe wake alikuwa akisema kuna mtu anabisha chini ya sakafu.

Habari za kisima hicho Mama Pacha alizikuta kwenye ukoo alipoolewa, wala hakuna aliyemficha. Mume wake alikuwa na kaka mkubwa, mchimba visima. Nusu ya visima vya mji ule vilipita mikononi mwake. Watu walisema ana pua ya maji. Siku moja akaona aibu kwamba mama yake mzazi bado anapanda mlima na ndoo kichwani, akaanza kumchimbia kisima uani. Alipasua jiwe la juu kwa tindo na nyundo, akalipita, chini yake akakuta tabaka la mchanga limelala kati ya miamba miwili. Juu, kwenye kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, alisimama mdogo wake, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaota ndevu, akivuta ndoo. Sauti ya mtu haitoki vizuri kisimani, kwa hiyo walikuwa na ishara yao. Tindo kwenye jiwe: mara mbili, kimya kidogo, mara moja. Maana yake, vuta.

Mchanga ukamporomokea.

Mtaa mzima ulitoka na majembe. Walichimba mpaka kuta za kisima zikaanza kumwagika, wachimbaji wawili wakanusurika kuzikwa naye, na wazee wakasema basi. Jambo la kutisha ni kwamba waliposimama na kunyamaza, walimsikia. Mara mbili, kimya kidogo, mara moja. Vuta. Sauti ilisikika zaidi karibu na mlango wa jiko kuliko kisimani penyewe. Mama yake akachukua mchi wa kutwangia, akapiga magoti mlangoni pa jiko, akamjibu kwa mpigo uleule. Akaendelea kumjibu mpaka kesho yake alasiri, ambapo kule chini kulinyamaza. Kisima kikafukiwa, dua zikasomwa juu yake, na hilo ndilo likawa kaburi.

Mdogo mtu hakugusa tena jembe maishani mwake. Alijifunza kuchomelea vyuma, akaoa, akapata pacha. Akienda kwa mama yake alikaa barazani mbele, na nyuma ya nyumba hakukanyaga. Mama naye baadaye alijenga stoo palepale mlangoni pa jiko. Na mwaka huu, bila kumwambia mtu, alitoa kitanda chake chumbani na kukiingiza kwenye stoo hiyo, katikati ya magunia ya mkaa na madebe.

"Mama amezeeka," mume wake alikuwa akisema. "Aje akae na sisi."

Na mama alikuwa akijibu, kwa upole wa mtu asiyebishana, "Nitakuja, mwanangu. Siyo sasa. Nikiondoka nani atamjibu?"

Jioni ile Mama Pacha alipitia karakana ya mume wake. Alimkuta ameinamia geti la mtu, cheche zikiruka. Akamsubiri azime mashine na kuinua kinyago, kisha akamwonyesha ramani kwenye simu.

"Hili doa ni kwenu. Ni mafuko, Baba Pacha. Wamehamia kwenye ule mchanga. Fuko huwasiliana na mwenzake kwa kupiga miguu ardhini. Mama haoti wala hajachanganyikiwa. Anasikia kitu cha kweli."

Aliitazama ramani kana kwamba ilikuwa picha ya mtu anayemfahamu. "Fuko," alisema. "Basi mwambie huyo mropokaji wako awatoe."

Jumamosi walikwenda wote watatu. Mama mkwe aliwapokea kwa chai, akamsikiliza Redio akimweleza maisha ya fuko tangu kuzaliwa hadi kuoza, akaitikia "eeh" na "kumbe" mahali panapostahili. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Redio alipomaliza, mama alimgeukia mkwewe.

"Mwanangu, wewe umesoma. Kama kompyuta inasema ni mnyama, sina ugomvi na mnyama. Lakini ingieni msikilize kwanza. Huwa ni saa kama hizi, jua likishakolea, watu wakiwa wamelala."

Baba Pacha alibaki barazani. Wao wakaingia stoo. Joto la bati lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa kichwa, na kulinukia mkaa na mafuta ya taa. Walikaa juu ya kitanda, miguu sakafuni, bila kusema. Nje kuku alipekua mchanga. Mama Pacha alikuwa ameanza kusinzia aliposikia, au tuseme alipohisi, kwa sababu ilimfikia kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni.

Mara mbili. Kimya kidogo. Mara moja.

Mama mkwe aliinuka bila haraka, akachukua mchi uliokuwa umeegemea ukuta, akapiga sakafuni vilevile. Akasubiri, kichwa kimeinama upande kama mtu anayemsubiri mgeni amalize kuvua viatu. Jibu likaja.

Redio alitoka jasho la pua. Alimwomba mama mchi, akapiga mara nne mfululizo, haraka, kama mtu anayejaribu kuvuruga wimbo wa mwenzake. Chini kulinyamaza. Kisha, taratibu, bila kujali mapigo yake manne: mara mbili, kimya, mara moja.

"Fuko hupiga haraka," Redio alinong'ona. "Drrrr. Kama vidole mezani. Huyu anahesabu." Baada ya hapo alifunga mdomo, na wenzake wangekuwapo wangesema leo betri zimeisha.

Hata hivyo kazi ni kazi. Alizunguka uani na chuma chake chembamba, akichoma ardhi hapa na pale, mpaka chuma kikazama ghafla mahali pa kisima cha zamani. Akafukua, akaikuta njia ya fuko, duara safi kama bomba. Akatega mtego wake na kipande cha kiazi kitamu, akaufunika kwa udongo ili mwanga usiingie.

Kesho yake mtego ulikuwa umemnasa. Fuko mmoja, jike, mzee, mwenye mvi kuzunguka mdomo na meno ya njano kama mahindi makavu. Redio alitega tena na tena, kila upande, hakupata mwingine. Akamtia kwenye ndoo na mchanga, akampeleka barazani. Baba Pacha alimtazama yule mnyama akigeuzageuza kichwa kipofu, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Ni huyo," alisema. "Mama, ni huyo tu."

Mama mkwe aliinama juu ya ndoo. Akamgusa fuko mgongoni kwa kidole kimoja.

"Nimemwona," alisema. "Mpelekeni."

Stoo ikanyamaza. Jambo lingeishia hapo kama watu wangekuwa kama hesabu. Lakini jirani alianza kupiga simu. Mama hali chakula. Mama ameketi mlangoni pa stoo tangu asubuhi, mchi mapajani. Akisemeshwa anajibu vizuri tu, halafu anauliza kama mmeshamtoa. Kumtoa nani, mama? "Mlisema mnamtoa. Basi mnionyeshe."

Mama Pacha alizisikiliza simu hizo akiwa kazini. Alikuwa amekwenda kumpa mama mkwe wake dawa, na sasa ilionekana amemnyang'anya mtoto mara ya pili.

Na kazini nako hakukuwa shwari. Yule fuko aliwekwa kwenye sanduku la bati lililojaa mchanga, kwenye chumba cha vifaa kilichopakana na ofisi yake. Mchana mmoja wenzake wote walikuwa wametoka kwenda kula. Feni ilikuwa imezimika kwa sababu umeme umekatika, na jengo lote lilikuwa limetulia. Mama Pacha alikuwa akimenya chungwa. Mara kupitia ukutani, akasikia bati likigongwa.

Mara mbili. Kimya kidogo. Mara moja.

Hakukimbia. Baadaye alijishangaa kwa hilo. Aliweka chungwa juu ya karatasi, akaenda, akafungua mlango, akasimama juu ya sanduku. Mchanga ulikuwa umetulia. Kisha akamwona fuko kwenye kona, mwili umejikunja, mguu wa nyuma umeinuka, ukapiga bati polepole, kwa juhudi, kama bibi anayegonga mlango wa watu asiowazoea. Akimaliza, anasubiri. Anasubiri jibu.

Redio aliporudi na kusimuliwa, hakucheka.

"Amejifunza kwa mama mkwe wako," alisema. "Miezi yote hiyo bibi anampigia mchi. Hata kasuku hujifunza."

"Mama anasema chini ndiko kulikoanza kubisha."

"Basi na huyu alijifunza kwa mama yake. Na mama yake kwa bibi yake."  Redio alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasugua viganja. "Mama Pacha, kuna jambo sikukwambia. Ile njia aliyotokea. Fuko hufuata mizizi, hachimbi kwenda chini bila sababu. Ile iliteremka. Nilifunga jiwe kwenye kamba nikalishusha, likaenda, likaenda, halafu likapinda upande. Upande wa jiko. Na huko lilikofika palikuwa na uwazi, nilisikia jiwe linavyobembea. Fuko hana haja ya uwazi kama ule. Anageukia wapi na chumba kikubwa hivyo?"

Mama Pacha alimweleza mume wake usiku huohuo, neno kwa neno, bila kupamba. Alitegemea atakasirika. Baba Pacha alikaa kitako kwenye ukingo wa kitanda, mgongo kwake.

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kapi," alisema. "Akisema vuta, navuta. Ndiyo ilikuwa kazi yangu." Halafu akasema, "Nitatafuta wachimbaji. Tukifungue."

Hakukuwa na aliyepinga. Wachimbaji walikuja na pete za zege, wakazishusha moja baada ya nyingine ili kuta zisiporomoke kama zamani, na juu ya shimo wakasimika kapi. Baba Pacha alifika na ovaroli yake ya kazi. Alipita barazani, akapita jikoni, akaingia uani nyuma kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Akamwondoa kwa upole mtu aliyekuwa kwenye kapi, akaishika kamba mwenyewe.

Mchanga ulitoka ndoo baada ya ndoo. Chini kabisa, mahali ambapo kila mtu alitegemea kumkuta, hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyundo, na kiatu kimoja.

"Hayupo," mchimbaji alipaza sauti kutoka chini, na sauti ilitoka imebonyea. Kisha: "Kuna njia huku."

Wakamwomba aeleze. Akaeleza kwa vipande vipande, akitambaa. Chini ya mwamba palikuwa na mwanya ambao mchanga ulioporomoka haukuujaza. Kutoka kwenye mwanya huo mtu alikuwa amechimba kwa upande, kwenye lile tabaka la mchanga kati ya miamba miwili, kwa tindo, na tindo lilipovunjika, kwa mikono. Njia ilipanda. Haikunyooka kuelekea kisimani, ambako ndiko kulikuwa na tundu la kutokea. Ilielekea nyumbani. Ilipita chini ya ua, chini ya kizingiti cha jiko, ikaishia chini ya sakafu ya stoo, mahali ambapo mwamba wa juu ulikuwa umeshuka na kukutana na wa chini. Hapo ndipo alipokuwa. Alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja mbele. Mafuko walikuwa wamejenga tundu lao ubavuni mwake, wakalitandika nyasi laini na nyuzi za shati.

Mchimbaji alipotoka alikwenda kukaa mbali na wenzake.

Mama Pacha alipiga hesabu ile ambayo kila mtu pale alikuwa akiipiga na hakuna aliyetaka kuitamka. Mtu hachimbi njia ndefu kama ile, kwa mikono, kwa siku moja na nusu. Alipoacha kubisha hakuwa amekufa. Pengine alikuwa amepoteza tindo. Pengine aliona mikono yake ina kazi muhimu zaidi. Juu yake watu walikuwa wakimwaga mchanga wa mtoni na kusoma dua.

"Mama asiambiwe," alinong'ona jirani.

Lakini mama alikuwa ameshasimama mlangoni pa stoo. Alimwita mkwewe kwa kidole, akamshika kiwiko, na kiganja chake kilikuwa kikavu na chenye joto.

"Alikuwa wapi, mwanangu?"

Mama Pacha alifikiria uongo. Uongo mzuri ulikuwepo, umeiva, ni wa kuchuma tu: alikuwa palepale, mama, hakuteseka. Akautazama uso ule, akaona kwamba mtu huyu amesubiri muda mrefu mno kupewa kitu cha bandia.

"Chini ya kitanda chako," alisema. "Alichimba kuja huku. Alikaribia sana."

Mama mkwe alitazama sakafu. 

"Alikuwa anafuata mchi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilimwita, akaja." Alikaa chini palepale kizingitini, akanyoosha miguu, akaweka mikono yake mikubwa juu ya mapaja. Kisha akalia, kwa sauti ya juu, kilio cha msiba wa jana. Mwanawe wa pili aliiacha kamba, akaja, akapiga magoti mbele yake, akaweka kichwa mapajani kwake na ovaroli yake yote ya mchanga. Hakuna aliyewagusa mpaka walipomaliza.

Walimzika Ijumaa, kwenye makaburi ya mji, chini ya mti wenye kivuli, katika kaburi lenye ukubwa wa mtu. Mtaa mzima ulitoka tena, na wengine walikuwa walewale wa siku ile, sasa wakitembelea fimbo.

Watu walipotawanyika, mama mkwe alimuuliza Redio, "Yule mnyama yuko wapi?"

"Yupo ofisini, mama. Anakula viazi vyetu tu."

"Mrudishe."

Redio alimtazama Mama Pacha. Ofisini mkuu wa idara alikuwa na mipango na yule fuko. Fuko wa mlima wa mawe ni habari, alikuwa ameshaanza kuwaandikia wakubwa. "Mama, si ndiye aliyekuwa akikusumbua?" Redio aliuliza.

"Hakunisumbua. Yeye na wenziwe ndio waliokaa naye. Mimi nilikuwa juu, nimelala kitandani, wao wako naye. Mtu akikuuguzia mgonjwa humfungii kwenye sanduku."

Mama Pacha alimwendea mkuu mwenyewe. Alimwambia kwamba fuko ni wa nyumba ya mkwewe na anarudi kwake. Mkuu alisema mengi kuhusu taratibu, naye akayasikiliza yote akiwa amesimama, na alipomaliza akasema, "Sawa, bosi. Anarudi kesho." Mkuu aliangalia uso wake, akaamua kwamba ana kazi nyingine.

Walimpeleka alasiri. Kisima kilikuwa kimefukiwa na stoo imebomolewa sakafu na kujazwa kifusi na mchanga. Kitanda cha mama kilikuwa kimerudi chumbani. Redio alilaza sanduku ubavu. Fuko alitoka, akasimama kwenye jua ambalo hakuliona, akanusa hewa kila upande. Kisha akaingiza meno ardhini. Udongo uliruka nyuma yake, mwili ukapungua, mkia mfupi ukatikisika mara moja, pakabaki kilima kidogo cha udongo mbichi.

Hakuna aliyeondoka. Mama alileta chai, na Baba Pacha akainywea palepale uani, juu ya kigoda, mgongo umeegemea ukuta wa jiko. Hawakuambiana kwamba wanasubiri. Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na kila mara vidole vyake vilisimama juu ya punje kabla ya kuendelea.

Ilikuja jua lilipoanza kulegea. Mama Pacha aliihisi kwenye nyayo, akaona kikombe cha mume wake kimesimama hewani kabla hakijafika mdomoni. Ilipita chini yao, karibu sana, nyepesi, ya haraka, bila kituo na bila hesabu yoyote.

Drrrrr.

Kimya. Halafu tena, mbali zaidi, ikielekea upande wa mpapai. Drrrrr.

Redio alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu aliposhuka kwenye gari. "Huyo sasa ni fuko," alisema.

"Ni fuko," mama mkwe aliitikia. Alipepeta ungo, akapuliza makapi. "Mwenzie keshafika kwake, na yeye anafanya yake."

Baba Pacha alikunywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaanza kuokota mabaki ya mbao na misumari ya wachimbaji, kwa sababu mama yake hupita uani bila viatu. Na Redio, akiwa amepata sauti yake, alianza kuwasimulia kuhusu fuko mwingine aliyewahi kumnasa, na hakunyamaza njia nzima ya kurudi mjini, wala hakuna aliyemwambia apunguze.